Kabla ya Kumwita Mke Tasa



Miongoni mwa mashauri ya ndoa yanayofikishwa mbele ya wazee wa jumuiya ndogo ndogo, limo moja ambalo kwa kawaida huletwa likiwa limekwisha kuamuliwa. Miaka mitatu au minne imepita tangu harusi, mtoto hajapatikana, na ukoo wa mume umekwisha kusema neno lake: mke ni tasa. Wazee hawaombwi kuamua. Wanaombwa kuibariki hukumu, ili mwanamke arudishwe kwao bila kelele, au mume aachwe atafute mtoto kwingine kimya kimya. Mama amekwisha kuzungushwa kwa waganga, amekunywa mizizi, ameombewa, pengine amepelekwa hospitali mara mbili tatu. Swali moja tu halijaulizwa: Je, mume naye amepimwa?

Sisi tulio katika kazi ya Haki na Amani twaliuliza swali hilo hapa wazi, na hatuna budi kutaja viungo na maji ya mwili ambavyo havijazoeleka kutajwa katika kurasa za Kanisa. Tunaomba msomaji asione haya. Hukumu inayomwondoa mtu nyumbani kwake yapasa kutanguliwa na ushahidi, na ushahidi wa jambo hili umo mwilini.

Tuanze na lugha, maana hata lugha yetu imekwisha kuegemea upande mmoja. Neno "tasa" husemwa juu ya mwanamke na juu ya mnyama wa kike. Ni nadra sana kulisikia likisemwa juu ya mwanamume. Mwanamume hujificha nyuma ya nguvu zake. Watu huchanganya uhanithi na ugumba, kana kwamba ni kitu kimoja. Hanithi ni yule asiyeweza kutimiza tendo la ndoa. Mgumba aweza kulitimiza vema kabisa, ila hazai. Mtu aweza kuamka alfajiri akalima ntumba zake mpaka jua la utosi, akawa na afya na sauti nene mbele ya watu, na asiwe na mbegu hata moja ya uzazi. Wala macho hayasaidii. Mbegu zenyewe ni asilimia chache tu ya maji ya shahawa. Yaliyobaki hutoka katika tezi. Kwa hiyo shahawa isiyo na mbegu yaweza kuonekana sawasawa na nyingine kwa wingi na kwa rangi, na hadubini peke yake ndiyo itakayotofautisha. Hata mtoto aliyezaliwa zamani si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kisonono kisichotibiwa chaweza kuziba njia ya mbegu miaka mingi baada ya mtoto wa kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hivi hupatwa na ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake. Madaktari nao wamezoea kukuta kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazochunguzwa, mume ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Anayemchunguza mke tu basi ameliacha nusu ya shamba bila kulipalilia.

Kipimo cha mume si kigumu. Hatua ya kwanza ni kuhesabu mbegu kwa hadubini na kutazama kama zinaogelea. Lakini leo tunataka kueleza hasa hatua inayofuata pale mbegu zinapokosekana kabisa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa au hudanganywa. Hatua hiyo ni kipimo cha sukari ya shahawa.

Mbegu hutengenezwa katika korodani. Kutoka huko hupanda kwa mirija miwili mirefu, na nyuma ya kibofu cha mkojo hukutana na maji ya tezi mbili ambazo tutaziita vifuko vya shahawa. Vifuko hivi ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya maji yote, na maji yake yana sukari iitwayo fruktosi, jamii ile ile ya sukari iliyomo katika matunda na asali. Thaddeus Mann, mwanasayansi wa Cambridge huko Uingereza, alionyesha mwaka 1946 kwamba sukari ya shahawa ni fruktosi. Ni chakula cha mbegu safarini. Kisha maji hayo yote hupita kwa vijia vyembamba ndani ya tezi dume, na kutoka nje.

Fikirini vijito viwili vinavyokutana juu ya daraja. Kimoja huleta samaki, kingine huleta maji mekundu ya udongo. Mtu aliyesimama darajani, asipoona samaki lakini akaona maji mekundu, atajua kwamba njia chini ya makutano iko wazi. Kasoro iko juu, katika kijito cha samaki, ama chemchemi yake imekauka ama kimezibwa kabla ya makutano. Asipoona samaki wala wekundu, na maji yenyewe yakiwa kidogo, atajua kwamba kizuizi kiko kwenye makutano au chini yake, au kwamba kijito chekundu hakikuwahi kuwapo. Samaki ni mbegu, wekundu ni fruktosi. Shahawa isiyo na mbegu lakini yenye sukari hutuelekeza kwenye korodani au kwenye mirija ya juu. Shahawa isiyo na mbegu wala sukari, iliyo chache kuliko kawaida na yenye uchachu, hutuelekeza kwenye kuziba kwa vijia vya mwisho, au kwa mwanamume aliyezaliwa bila mirija yake na, mara nyingi, bila vifuko hivyo. Yupo mtu wa namna hiyo ambaye korodani zake zatengeneza mbegu kila siku, ila hazina njia ya kutokea. Hakufanya kosa lolote, wala mkewe hakufanya.

Kupima sukari hiyo si lazima kuwe na mashine ya fedha nyingi. Ipo njia ya zamani iliyobuniwa na mkemia Seliwanoff mwaka 1887: rezosinoli huyeyushwa katika asidi ya hidrokloriki, huchanganywa na shahawa kidogo, hupashwa moto, na rangi nyekundu ya chungwa ikitokea, sukari ipo. Isipotokea, haipo. Mtaalamu mwangalifu hupima sambamba na shahawa ya mtu ajulikanaye kuwa nayo, ili awe na hakika kwamba dawa zake hazijaharibika rafuni. Zipo pia njia za kupima kiasi kamili kwa mashine, na Shirika la Afya Duniani limezieleza katika mwongozo wake wa maabara.

Baada ya kukisifu kipimo hiki yafaa tukiwekee mipaka, maana tumeona jinsi jambo la kitaalamu linavyogeuka biashara. Kwa mwanamume mwenye mbegu nyingi zinazoogelea, kipimo cha sukari hakiongezi neno la maana. Tena mbegu hula sukari hiyo, hivyo shahawa iliyokaa muda mrefu mezani itaonekana imepungukiwa bila kasoro yoyote. Atakayeuziwa "kipimo cha sukari ya mbegu" kabla mbegu zake hazijahesabiwa, ameuziwa jibu la swali lisiloulizwa. Vilevile sukari hii si ugonjwa wa kisukari, na chai tamu haiongezi wala haipunguzi kitu. (Kisukari chenyewe chaweza kuharibu mishipa ya fahamu hata shahawa ikarudi nyuma kibofuni badala ya kutoka, na hapo hupimwa mkojo, lakini hiyo ni habari nyingine.) Zaidi ya yote, kipimo hakichukui nafasi ya mikono ya daktari. Mirija ya mbegu hupapaswa kwa vidole juu ya korodani, na daktari mzoefu aweza kujua kwa dakika chache kama ipo au haipo. Tunashangaa ni mara ngapi mwanamume hulipia karatasi nyingi za maabara bila kuambiwa avue nguo achunguzwe.

Sasa tuje Ufipa kwetu. Maabara hutaka shahawa ifike ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili, baada ya siku mbili hadi saba za kujizuia. Aishiye mjini Sumbawanga aweza. Aishiye Mtowisa au Muze, kule bondeni, hawezi kupanda mteremko ule na chupa mfukoni akafika kwa wakati. Na katika baridi ya Juni na Julai ya nyanda hizi, mbegu zilizobebwa mkononi zitafika zimelegea, na mtu atapewa jibu baya lisilo lake. Yafaa basi watu wa Laela, Matai, Namanyere, Kirando na bondeni walale karibu na hospitali usiku mmoja, na chupa ibebwe chini ya nguo, ikigusa mwili. Hatuoni kwa nini familia moja ya parokia ya mjini isiwapokee. Aliyeugua malaria yenye homa kali asubiri, maana homa hupunguza mbegu, na mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kukamilika. Jibu baya la kwanza lisiaminiwe peke yake. Kipimo kirudiwe baada ya majuma kadhaa. Tena mume aseme ukweli kama sehemu ya shahawa ilimwagika. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, na ya mwisho ndiyo yenye sukari. Aliyepoteza ya mwisho aweza kuambiwa njia imeziba kumbe ni chupa iliyoponyoka.

Lipo pia swali la dhamiri, ambalo Wakatoliki wengi humezea mate bila kumwuliza padre. Kanisa halikubali shahawa ipatikane kwa kujichua, hata kwa ajili ya kupimwa. Ndivyo Ofisi Takatifu ilivyojibu mwaka 1929, na Papa Pius XII akarudia mwaka 1956 mbele ya wanasayansi wa mambo ya uzazi. Kwa sababu hiyo wapo wanaume wanaokataa kipimo chote kwa jina la imani. Hapa tunasema wazi: imani haiwakatazi kupimwa. Wanateolojia wengi wa maadili hukubali kifuko maalumu chenye tundu dogo, kitumiwacho katika tendo halisi la ndoa ili sehemu ya shahawa ipite na sehemu ibaki. Kisiwe na dawa ya kuua mbegu, na ndiyo maana kondomu ya dukani haifai. Ni kweli kwamba kwa njia hii wingi wa maji hauwezi kupimwa sawasawa, na daktari lazima aambiwe. Upo pia uchunguzi wa ute wa mlango wa uzazi wa mke saa chache baada ya tendo la ndoa, ambao huonyesha kama mbegu zimefika. Kupapaswa na kupimwa damu havina shida yoyote ya maadili. Mume anayesimama nyuma ya katekisimu ili asipimwe, huku mkewe akivuliwa nguo na kila mganga, hajaielewa katekisimu.

Mji wetu una jina ambalo wengi hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Hata hivyo ugumba bado hupelekwa kwa ramli, na ramli humtaja bibi kizee fulani, au mke mwenyewe. Kanisa la pande hizi halikuanza hivyo. Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akasomea utabibu Malta na kufika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, alikuwa katekista na tabibu kwa pamoja, akawatumikia watu wa mwambao wa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1956. Hatujui sababu kwa nini makatekista wa leo, katika mafundisho ya ndoa, wasiweze kusema sentensi tatu juu ya ugumba wa mwanamume.

Je, kipimo kikiisha, kuna dawa? Mara nyingine ipo. Vijia vilivyoziba karibu na tezi dume vyaweza kufunguliwa kwa upasuaji, na jambo hilo ni matibabu halali ya kiungo kilichoharibika. Maambukizo yatibiwe kwa wote wawili, mapema, kabla kovu halijafunga njia. Kwa aliyezaliwa bila mirija, hakuna kisu cha kumpa. Hospitali za mbali zitamweleza njia ya kuchukua mbegu kwa sindano na kutungisha mimba katika chupa. Fundisho la Kanisa katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987 haliikubali njia hiyo, na padre aliseme jambo hili kwa upole, si kwa karipio. Safari ya Mbeya ni zaidi ya kilometa 300. Familia nyingi huuza ng'ombe kumpeleka mke huko akapigwe picha ya kizazi, wakati shahawa ya mume ingetazamwa kwanza kwa gharama ndogo, na pengine safari yote isingehitajika. Utaratibu huu wa kuanza na mke ni upotevu wa mali, tukiacha upande wa haki.

Na haki yenyewe inasemaje? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yasema kwamba ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Aliyefunga ndoa halali kanisani hana mlango wa kutokea kwa sababu ya kukosa mtoto, awe mume awe mke. Lakini kanuni hiyo hiyo yatuelekeza kwenye ya 1098, ihusuyo udanganyifu: aliyejua kwamba hazai, akaficha kwa makusudi ili akubaliwe, ameigusa mizizi ya ndoa yenyewe. Vijana wanaojiandaa waambiwe hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulifundisha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu, na hubaki na thamani yake hata watoto wasipopatikana. Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuutaja ugumba miongoni mwa mambo iliyoyaorodhesha kuwa dalili za ndoa kuvunjika. Na mwanamke akiachwa hata hivyo, hatoki mikono mitupu: katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka kumi ya kulima, kupalilia, kupika na kuuguza wakwe haifutwi kwa neno "tasa". Wazee wa usuluhishi wakumbuke hayo kabla ya kumsindikiza kwao na sanduku moja.

Limebaki jambo la majibu. Mara nyingi mume akikubali hatimaye kupimwa, huenda peke yake na huchukua karatasi peke yake. Likiwa jema, kijiji kizima kitalijua kabla ya jioni. Likiwa baya, karatasi hupotea, na mke huendelea kuitwa tasa na mwanamume ajuaye kwamba si kweli. Twaelewa aibu yake. Mwanamume aliyelelewa kuhesabu utu wake kwa watoto huona kifo katika karatasi ile, na jumuiya inayomcheka ina sehemu yake katika uongo wake. Lakini aibu haimpi haki ya kumvika mwenzake jina lake mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei mambo machache. Shauri la ugumba lisisikilizwe mpaka wote wawili wameonana na daktari. Waende pamoja, na wamwombe mganga mkuu wa zahanati au hospitali awape majibu wakiwa wawili chumbani, bila shangazi, bila kaka mkubwa, bila mzee wa jumuiya. Wahudumu wa maabara walio waamini wenzetu walinde siri hiyo kama wanavyotaka yao ilindwe. Na ndugu wa mume wakija kuuliza tatizo liko kwa nani, wenye ndoa wanaruhusiwa kujibu kwamba liko kwao wawili, na kufunga mlango.